Siku yangu na fukusi wa migomba, Kagera

Saa 12:30 asubuhi. Mimi ni afisa ugani, na leo naanzia kwenye kibanja cha bibi mmoja karibu na Bukoba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Njoo uwaone wezi wangu."

Juzi, ili kuwatega fukusi, tulipasua mashina ya migomba iliyovunwa, tukavilaza vipande chini ya migomba mingine, upande uliokatwa ukiwa chini. Nafunua kimoja: fukusi wamejaa. Namweka mmoja kiganjani. Mweusi, ana sentimita moja na ushee, mdomo mrefu uliopinda. Amekunja miguu, anajifanya amekufa. Baada ya muda anaanza kutambaa. Wote wanaingia kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Saa 3. Mgomba umeanguka usiku na mkungu wake mchanga. Bibi anaulaumu upepo. Napasua tunguu, lile shina nene la chini ya udongo linalotoa mizizi, kwa panga: limetobolewa kila upande, njia nyeusi zimejaa ungaunga, na ndani kuna buu mweupe, mnene, kichwa chekundu cha kahawia, hana mguu hata mmoja. Huyu ndiye mtoto wa fukusi, na ndiye mlaji. Mizizi haina tena pa kushika, chakula hakipandi. Jike hutaga yai mojamoja, pengine moja tu kwa wiki, lakini fukusi mkubwa anaweza kuishi hata miaka miwili. Ndiyo maana kibanja hufa polepole, watu wakidhani udongo umechoka.

Saa 5. Jirani amekuja kuomba machipukizi, na hapa sina haraka. Fukusi ana mabawa ila ni nadra kuruka. Usiku hutambaa mita chache tu. Kijiji hadi kijiji tunambeba sisi wenyewe. Tunalichonga tunguu la kila chipukizi hadi libaki jeupe, lenye njia za buu tunalitupa, kisha tunayatumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30.

"Hayataiva?"

Hayaivi, joto huishia juujuu. Namsihi ayapande leo hii, maana harufu ya tunguu lililochongwa huwavuta fukusi.

Saa 9. Tunakatakata visiki vya migomba iliyovunwa vikauke. Vikibaki vibichi, wanazaliana humo.

Saa 11 jioni. Mkulima mwingine anapiga simu, anataka dawa ya kunyunyizia majani. Buu yuko ndani ya tunguu, dawa hiyo haimfikii. Namuuliza kwanza machipukizi yake aliyatoa wapi.