Kwa Treni Hadi Nakano, Alikozaliwa Joe Hisaishi

Stesheni ya treni za Nagaden mjini Nagano iko chini ya ardhi. Ukishuka ngazi kutoka kwenye mwanga wote ule wa stesheni ya Shinkansen, treni za mwendo kasi, unakuta taa hafifu na treni fupi inayosubiri bila haraka. Wageni wengi huipanda hadi mwisho wa reli, Yudanaka, kwenda kuona nyani wanaooga kwenye maji ya moto. Mimi na mwenzangu, kijana wa Mombasa tunayesoma naye Tokyo, tulikuwa tunashukia njiani, Shinshu-Nakano, stesheni ya mji wa Nakano. Huko ndiko alikozaliwa Mamoru Fujisawa, Desemba 1950. Dunia inamjua kwa jina la Joe Hisaishi.

Ndiye aliyetunga muziki wa filamu za katuni (anime) za Hayao Miyazaki kuanzia Nausicaä ya 1984 hadi The Boy and the Heron ya 2023. Nilianza kumsikiliza nikiwa sekondari Morogoro, kwenye simu ya kaka yangu, hata sura yake sijaijua. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma Japani, safari hii nilikuwa nimeshaipanga moyoni.

Treni inapita chini ya mji kwa vituo vichache, kisha inachomoza juani na kuanza kukatiza mashamba. Ilikuwa majira ya matufaha, miti imeinama kwa mzigo. Nikavaa hedifoni na kuweka “Kituo cha Sita”, ule muziki wa Spirited Away (2001) pale binti Chihiro anapopanda treni inayopita juu ya maji. Walioitazama wanakumbuka kwamba hapo karibu hakuna anayesema neno, na abiria wengine ni vivuli tu. Mtunzi mwingine angemwaga okestra nzima ili tulie. Hisaishi anaipa piano noti chache, zinajirudia polepole, kisha ala za nyuzi zinaingia kwa mbali, zinavutwa mpaka unasahau zilianza lini. Halafu anaacha nafasi. Treni yetu ikaingia kwenye daraja la mto Chikuma, magari yakipita sambamba nasi, na sikutaka kuongea na mtu.

Hicho ndicho ninachompendea kuliko vyote: anaujua ukimya na hauogopi. Castle in the Sky ya 1986 ina urefu wa saa mbili na dakika chache, lakini muziki wake wa awali ni wa kama saa moja tu. Ilipoandaliwa upya kwa ajili ya soko la Marekani, aliombwa aongeze, kwa kuwa ilionekana watazamaji wa huko hawajazoea kukaa muda mrefu bila muziki. Akaongeza, na aliifanya kazi kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, nikitaka kuitazama filamu hiyo narudi kwenye ile ya kwanza, maana pale upepo unapovuma unausikia upepo wenyewe.

Nakano ni mji wa wakulima: zabibu, matufaha, na ule uyoga mweupe mwembamba wa enoki. Lakini ni mji wa nyimbo pia. Shinpei Nakayama (1887–1952), aliyetunga nyimbo za watoto zinazoimbwa mpaka leo, ni mwenyeji wa hapa na ana makumbusho yake. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza zabibu kwenye banda lake alituuliza tumefuata nini mji huu. Nilipomtajia Hisaishi tu, akaanza kuimba “Sampo”, ule wimbo wa matembezi wa My Neighbor Totoro (1988), huku akipiga makofi. Wimbo huo watoto wa chekechea wanaujua kabla hawajajua kusoma. Nikamwitikia. Tulipomaliza akatuongezea kishada cha zabibu na kukataa kata kata kupokea pesa yake.

Wakati wa kurudi nilimwekea mwenzangu kitu ambacho wapenzi wengi wa anime hawajakisikia. Mwaka 1981, kabla hajakutana na Miyazaki, Hisaishi alifanya kazi na kundi la wapiga ala za kugonga, Mkwaju Ensemble, akiwemo Midori Takada. Albamu inaitwa MKWAJU, imeandikwa hivyo hivyo kwenye jalada. Marimba moja inashika mdundo mfupi, nyingine inaingia juu yake ikiwa imechelewa kidogo, na mpishano huo unasogea taratibu mpaka hujui tena wa kwanza ni upi. Ukiusikiliza vizuri unajua zile noti zinazojirudia za “Kituo cha Sita” zilianzia wapi.

Mwenzangu alikuwa ameshaanza kugonga mdundo ule kwa vidole kwenye paja. “Dada, hebu irudishe mwanzo.”

Nikairudisha, kisha nikamwekea na ile ambayo Hisaishi aliiandika upya na kuirekodi na London Symphony Orchestra kwenye albamu ya Minima_Rhythm, 2009. Akasema ya zamani ndiyo yenyewe, hii nyingine ina watu wengi mno. Tukabishana mpaka Nagano. Mimi nashikilia kwamba hapa okestra haikuziba nafasi yoyote: zile nyuzi nzito zinapoingia chini ya mdundo, kila mpishano unausikia waziwazi zaidi, na tarumbeta zinapoitikia unaona jinsi muziki ulioanza na marimba chache ulivyokuwa na nguvu ya kuubeba ukumbi mzima. Yeye hakukubali, akaomba ile ya 1981 tena.