Siku moja na app yangu ya kuhifadhi makala

Saa 11 alfajiri. Sio kwamba napenda kuamka mapema, ni bando la usiku, langu linakata saa 12, kwa hiyo kama kuna toleo jipya la kupandisha ni sasa hivi. App yenyewe ni ndogo tu: umekutana na makala ndefu huna muda, unaisheya kwenye app, maandishi yanabaki kwenye simu unasoma baadae hata kama huna bando. Basi. Naijenga peke yangu, hapa hapa Sinza.

Saa 2 asubuhi, chai, chapati na meseji za watumiaji. Wengi walihamia kwangu baada ya Pocket, app ya kazi hii hii, kuzimwa Julai 2025. Ile ilianza 2007 ikiitwa Read It Later, Mozilla, wale wa Firefox, wakainunua 2017, afu ndo hivyo. Watu waliruhusiwa kutoka na faili la CSV, yani jedwali la maandishi tu, lenye vichwa vya habari, linki, tarehe na tagi, lakini makala zenyewe hazimo, yani mtu ana linki za miaka kumi anafungua moja 404 (ukurasa haupo), nyingine 404, na tovuti zetu huku zikibadilisha mfumo linki za zamani zote zinakufa. Ni kukabidhiwa ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Ndo maana mi nahifadhi maandishi, na kutoa kila kitu ni batani moja.

Saa 4. Dada mmoja kaandika: "Kaka, mahojiano yangu yamekuja majibu matupu, maswali yako wapi?" Nikacheka kwanza, afu nikafungua, kweli bwana. Kuchambua ukurasa natumia Readability, maktaba ya Mozilla ya bure, yani programu iliyoandikwa tayari ya kutoa makala kwenye ukurasa. Inaipa kila aya maksi, koma zinaongeza, urefu unaongeza, boksi (sehemu ya ukurasa) lenye maksi nyingi ndo makala. Aya zilizo pembeni ya boksi hilo zinapimwa upya: kama haifiki herufi 80, isiwe na linki na iwe na nukta, la sivyo inatupwa. Sasa "Ulianza lini?" ina alama ya kuuliza, nukta haina, imeenda na maji. Ule ukurasa ulikuwa umekatwa katwa na matangazo kwa hiyo maswali yote yalikaa pembeni. Kuongeza alama ya kuuliza na ya mshangao ni mstari mmoja, kuhakikisha "Umeipenda habari hii?" na takataka nyingine haziingii nazo ndo kumenila mpaka saa 8.

Saa 8 mchana umeme ukakatika. Wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 10, malipo. Mtu anataka kulipia ila kadi hana, ana pesa kwenye simu, kwa hiyo nakagua miamala mmoja mmoja kwa mkono. Inachosha, sina la kusema zaidi.

Saa 12 jioni napanda daladala ya Mbezi, simu nimeizimia mtandao makusudi. Hapa ndo maabara yangu: umesimama, mkono mmoja umeshika bomba, kidole gumba kinafika wapi? Batani ya kukuza herufi ilikuwa juu kabisa, naishusha chini wiki hii.

Saa 3 usiku nikamtumia yule dada toleo la majaribio. Kajibu: "Maswali yamerudi. Sasa weka na sauti, mi huwa napika."