Meza ya Liwali na Ndugu Zake

Somo la wiki: Nehemia 5:1-19

Ndugu wapendwa, Bwana asifiwe.

Kilio kilichomfikia Nehemia kilikuwa cha tumbo. Watu wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme, na binti zao wamekwisha kuwa watumwa. Na waliowakopesha ni Wayahudi wenzao! Nehemia akakasirika sana. Akawakemea wakubwa mbele ya mkutano, akadai mashamba yarudishwe siku ile ile, kisha akakung'uta vazi lake: asiyetimiza ahadi, Mungu amkung'ute vivyo hivyo.

Sura ya kwanza alikuwa amefunga na kuomba. Ila mashamba yalirudi kwa sababu mwombaji huyo alikuwa pia na cheo cha liwali.

Naliandika hili kwa ajili ya kijana wetu wa Katuba hapa Lubumbashi, mwanafunzi wa sheria pale Kasapa, chuo kikuu chetu, anayeingia kazi ya komini, yaani serikali ya mtaa. Wazee wamemwambia siasa ni chafu, abaki kwenye kwaya. Wazee wangu, mnisamehe. Sheria ya migodi ya Kongo ya 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni za migodi kwa madini wanayochimba, iende kwa komini, sekta au cheferi (eneo la chifu) ambako madini yanachimbwa. Malori ya shaba yanatupita kila siku kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nani atafungua yale makaratasi na kuuliza kisima kiko wapi, zahanati iko wapi? Kwaya haitauliza.

Wengine wataogopa, na wana sababu. Floribert Bwana Chui alisoma Chuo Kikuu cha Goma, akawa mkaguzi wa bidhaa za kuingia nchini katika ofisi ya serikali, OCC. Alikataa hongo, akazuia chakula kilichoharibika kisipite kwenda kuuzwa kwa watu. Julai 2007 akauawa, ana miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, kule Roma, Kanisa likamtangaza Mwenyeheri. Hakuwa padri. Utakatifu wake ulipimwa kwenye magunia ya mchele.

Sasa turudi mstari wa 14, ambao kwa kawaida tunaupita haraka. Maliwali wa kwanza walitoza watu mkate, divai na shekeli 40 za fedha, na hata watumishi wao waliwaonea raia. Nehemia hakuchukua posho hiyo miaka 12, ingawa ilikuwa haki ya cheo chake. Mezani pake walikula watu 150, wakichinjiwa ng'ombe mmoja na kondoo sita wazuri kila siku, bila kuwatoza watu. Lakini hasemi tu "mimi sikula". Anasema yeye na ndugu zake hawakula.

Ndugu zake! Hapo ndipo pananichoma. Sisi ndio tunaompigia makofi kijana anapoteuliwa, na wiki inayofuata tunapanga mstari mlangoni pake: mjomba anataka hati ya kiwanja bila kulipa, shangazi ana mtoto wa kuingizwa kazini, na mtu wa jumuiya anauliza kama hakuna katabishi kadogo, yaani kitu kidogo cha mfukoni. Mshahara ukichelewa, tunamwita mjinga kwa kuwa wenzake wanakula.

Kijana anaanza Jumatatu. Tumwombee katika sala za jioni, na aliye na faili pale komini apange foleni kama wengine.