Kilo 23 za kwenda Muscat

Habari kwamba naenda Muscat, Oman, iliizunguka Buguruni, kwetu Dar es Salaam, kabla hata tiketi haijatoka. Dada yangu alikuwa amejifungua, nikaitwa nikamlee mzazi, na ndege nilikuwa naziona angani tu, zikishuka kuelekea uwanja wa Kipawa. Tangu siku hiyo mlango wetu haukupata nafasi ya kufungwa. Huyu kaleta ubuyu, yule papa mkavu, mwingine doti mbili za khanga kutoka Mtaa wa Uhuru. Dada mwenyewe alitaka kitu kimoja: mbuzi ya kukunia nazi. Anasema tui la kopo halimpi mchuzi anaoujua.

Mbuzi ya nazi kwenye begi la matairi! Miguu inakunjika, sawa, lakini kile chuma chenye meno hakiruhusiwi kukaa na abiria. Kitu chochote chenye makali kinakwenda na begi kubwa, chini. Nilikizungushia kadibodi na selotepu, nikakilaza katikati ya madera. Pawabenki ikaenda kinyume, kwenye mkoba wa mkononi, maana betri zile huweza kushika moto, na huko chini hakuna wa kuuona moshi.

Tiketi yangu iliruhusu kilo 23 za begi kubwa na 7 za mkononi. Tukalipeleka begi kwa muuza nafaka, mizani yake ikasoma 22 na nusu. Nikafunga zipu nikashukuru Mungu.

Usiku wa mwisho akaja bibi jirani na kifurushi cha kiroba, kimeshonwa kwa uzi wa nailoni pande zote.

“Hiki cha mjomba wako. Atakufuata uwanjani hukohuko.”

Nikampa shikamoo, nikamkalisha, nikamwomba tukifungue. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

“Mimi nilikubeba mgongoni, leo unanipekua?”

Lilinichoma. Ni kweli alinibeba. Lakini uwanja wa ndege si stendi. Basi la Tanga unaweza kupewa kifurushi na mtu usiyemjua jina, konda akakitupa kwenye buti, na jioni mwenyewe akakipokea. Kwenye ndege unaulizwa begi kapanga nani na kama umebeba mzigo wa mtu. Kitakachokutwa ndani ni chako wewe. Kwa sheria yetu ya mwaka 2015, dawa za kulevya zikiwa nyingi ni kifungo cha maisha. Nikamwambia, “Bibi, wakiniuliza nataka niape kwa nilichokiona kwa macho.” Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaomba mkasi, akakata uzi mwenyewe.

Ndani kulikuwa na shuka, karafuu kidogo, na mfuko wa nailoni wenye kilo mbili za unga mweupe, laini, hauna nembo wala maandishi. Unga wa muhogo. Makopa aliyaanika juu ya bati, akayatwanga na kuyachekecha kwa mikono ile iliyokwisha kukakamaa. Mwanawe hajaula ugali huo kwa miaka.

Sikulala vizuri. Ningemweleza vipi askari wa nchi ya watu kuhusu makopa? Asubuhi nikanunua pakiti mbili za unga wa muhogo za kiwandani, zenye nembo. Nikampelekea bibi unga wake. Aliupokea bila maneno, akaingia ndani.

Pale kaunta, Jengo la Tatu, begi likasoma 24 na nusu. Bei ya kilo moja ya ziada niliyotajiwa unapata samaki wa kulisha nyumba nzima pale Feri. Binti wa kaunta, kwa upole kabisa, akanishauri nihamishie kitu kizito mkononi. Nikafungua begi sakafuni, watu wanapita, mbuzi ya nazi inachungulia, nikatoa makopo mawili ya achari ya embe ya mama. Begi likakubaliwa. Hatua chache mbele, kwenye mashine, achari ikazuiwa: kitu cha majimaji kikizidi mililita 100 hakipiti mkononi. Nikaeleza kwamba ni hukohuko nyuma nimeambiwa niihamishe. Wakanisikiliza, wakaitia kwenye pipa. Mama aliikatakata embe ile na kuianika siku nzima. Hasira hiyo bado ninayo, na sioni kwa nini kaunta isimwambie mtu jambo dogo kama hilo. Baada ya hapo nikauziwa maji kwa bei mara tatu ya mtaani.

Safari yenyewe, saa tano na kidogo, ilikuwa masikio kuziba na baridi. Mbuzi ilifika salama. Dada aliikalia jioni ileile, mtoto akiwa mapajani mwangu.

Mjomba alikuja kesho yake. Akazigeuzageuza zile pakiti, akasoma nembo.

“Bibi alinipigia. Unga wake uko wapi?”

Nikamsimulia yote, hadi mkasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema angekuwa mimi angefanya vilevile.

“Basi nenda ukaule Buguruni,” nikamwambia. “Bibi kauhifadhi.”

Akanitajia bei ya tiketi ya kwenda na kurudi, na ya mkewe, na ya watoto watatu. Nikanyamaza, maana yangu mimi kalipa shemeji.