Tyubu ya televisheni ndani ya mashine ya michezo

Monita ya inchi 19 ya mashine yangu ya zamani ya michezo ilikuwa na tyubu (chupa ya kioo inayotoa picha kwenye skrini za zamani) iliyochoka: picha hafifu, na michoro ya mchezo imeungulia kwenye kioo, unaiona hata umeme ukizimwa. Bodi zilikuwa nzima, kwa hiyo nilichukua tyubu ya televisheni ya ukubwa uleule.

Kabla ya kugusa chochote, mwaga chaji ya anodi, yaani umeme wa volti nyingi uliobaki ndani ya tyubu, kwenye waya wa ardhi unaozunguka tyubu. Hubaki humo hata plagi ikichomolewa, na haina huruma.

Ukubwa peke yake hautoshi. Nililinganisha mpangilio wa pini, volti 6.3 za hita (waya wa kupasha joto ndani ya shingo), unene wa shingo na pembe ya tyubu (jinsi miale inavyopindwa kufikia kingo za skrini). Vyote vikakubaliana. Zilizokataa ni koili za televisheni, zile za shingoni zinazopinda miale ili ichore picha: multimita ilionyesha ukinzani tofauti kabisa na wa koili za monita, na bodi isingezimudu. Nikazivua, nikaivisha shingo koili za monita yenyewe.

Kazi ya uvumilivu ni pete za sumaku zilizo shingoni, zinazozungushwa kurekebisha rangi. Kwanza skrini nyekundu tupu hadi madoa yaishe, kisha mistari myeupe ya majaribio hadi rangi tatu zikutane. Kona moja ya skrini bado ina ukingo wa buluu, ukicheza huuoni.