Oklahoma City kwa treni, kumwona Wembanyama kabla msimu haujaanza

Wiki hiyo Dallas Mavericks, timu yetu ya karibu, ilikuwa Abu Dhabi. Sisi tunaoishi Fort Worth tuliitazama kwenye televisheni ikicheza na Minnesota Timberwolves mara mbili upande wa pili wa dunia, na mimi kiu yangu ya kikapu haikukatika. Ndipo nilipoona kwenye ratiba kwamba San Antonio Spurs wangefungua maandalizi yao ya msimu Jumatatu ya Oktoba 9, 2023, mjini Oklahoma City, dhidi ya Thunder. Nikanunua tiketi usiku uleule.

Mpenzi wa kikapu hahitaji kuelezwa sababu. Victor Wembanyama, kijana wa miaka 19 mwenye urefu wa mita 2.24, aliyechaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya Juni (pale timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zinapochagua chipukizi kwa zamu), angevaa jezi ya Spurs dhidi ya timu nyingine kamili ya ligi kwa mara ya kwanza. Upande wa pili angekuwepo Chet Holmgren, mita 2.16, chaguo la pili la mwaka 2022, aliyeumia mguu wa kulia Agosti ya mwaka huo na kuukosa msimu mzima. Warefu wawili wembamba, wote wanapiga chenga na kutupa pointi tatu kama wachezaji wafupi.

Wauza tiketi nao walijua hayo. Mechi za maandalizi kwa kawaida huuzwa bei ya kutupa, maana hazihesabiwi kwenye msimamo. Hii nilioneshwa dola 41, nikabonyeza, zikaongezwa ada za kila jina, ikasimama kwenye dola 58. Hakuna kitu kilichoniudhi kwenye michezo ya Marekani wakati huo kama bei isiyokuwa bei. Mtu akuambie dola 58 tangu mwanzo, uamue.

Treni ya kutoka Fort Worth kwenda Oklahoma City ni moja tu kwa siku. Huondoka saa kumi na moja na dakika 25 jioni na kufika kama saa tatu na nusu usiku, ikipita Gainesville, inavuka Mto Red kuingia Oklahoma, kisha Ardmore, Pauls Valley, Purcell na Norman. Ni kama kilomita 330. Kwa kuwa ya kurudi huondoka asubuhi, anayetaka kutazama mechi ya usiku hana budi kulala huko mara mbili, na vyumba vya katikati ya mji vilikuwa na bei ya kumtia mtu homa. Nilichukua hoteli ya mbali, kando ya barabara kuu. Ilikuwa na harufu ya sigara za miaka mingi, na hata hapo nililipa zaidi ya nilivyooneshwa kwenye simu. Inatosha kuhusu hoteli.

Kabla hatujafika Gainesville nilikuwa nazungumza na dada yangu kwa simu. Nilipokata, mzee aliyeketi ng'ambo ya njia aliniinamia.

"Weye unatoka wapi, mwanangu?"

"Shikamoo, mzee. Tanzania."

"Marahaba. Mimi wa Uvira, kule Kongo. Lakini nilikaa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kwenu, miaka mingi, nawajua nyinyi."

Alifungua zipu ya koti lake zito. Ndani alikuwa na jezi nyeusi ya Spurs, namba 1.

"Ule mtoto," akasema, "baba yake ni Mkongo. Niko naenda kumuona."

Kuanzia hapo sikuona tena nje ya dirisha. Mzee alikuwa na orodha ya Wakongo wa NBA kichwani na aliitoa bila kusita: Dikembe Mutombo wa Kinshasa, Bismack Biyombo wa Lubumbashi, Jonathan Kuminga wa Goma. Serge Ibaka alimwita jirani wa ng'ambo ya mto, kwa kuwa alizaliwa Brazzaville. Alijua kwamba baba yake Wembanyama alikuwa mrukaji wa miruko mitatu, na kwamba mama yake, Mfaransa, alicheza kikapu na kufundisha watoto, hivyo kijana alikua na mpira mkononi. Wajukuu wake ndio waliomfundisha kanuni za mchezo huko Fort Worth, kwenye televisheni, na sasa alikuwa akiwasahihisha.

Kisha akaniuliza swali nililolitarajia. "Na nyinyi Watanzania, muko na nani?"

Nikamwambia Hasheem Thabeet. Nikamwambia pia kwamba kule tunakoelekea ndiko alikocheza misimu yake ya mwisho ya NBA, 2012 hadi 2014, akiwa na Thunder, chumba kimoja cha kubadilishia nguo na Kevin Durant, Russell Westbrook na huyohuyo Ibaka.

Nimeliwaza jambo la Thabeet kwa miaka mingi, na mzee alikuwa msikilizaji mzuri, kwa hiyo nililimwaga lote. Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Kwetu ilikuwa fahari tupu, kijana wa Dar es Salaam juu ya majina yote hayo. Lakini kufika Februari 2010 alikuwa ameshashushwa kwenye ligi ya kukuzia wachezaji, mwaka uliofuata akapelekwa Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City. Huku Marekani kila mwaka drafti inapokaribia, jina lake hutolewa kama mfano wa chaguo lililopotea. Hilo nimelizoea. Lililoniumiza ni kwamba na sisi tulijiunga. Waliopiga kelele za furaha usiku wa drafti ndio waliomgeuza kichekesho.

"Alianza kucheza na miaka ngapi?" mzee akauliza.

"Alikuwa kijana mkubwa tayari. Yuko sekondari."

Mzee alitazama dari ya behewa. "Alichelewa kuanza, na nyinyi mukawahi kumuchoka."

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Jumatatu mchana haina cha kusimulia. Tulikubaliana kukutana mlangoni. Mzee alilala kwa ndugu wa kanisani kwao, akaletwa kwa gari mapema kuliko mimi. Nilimkuta amesimama wima mbele ya Paycom Center, koti limefunguliwa ili jezi ionekane, na mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne.

Karatasi hiyo ndiyo ilikuwa tiketi yake. Mjukuu aliinunua kwa wachuuzi wa mtandaoni, akapiga picha ya kioo cha simu, akaichapa vizuri kwa rangi. Dada wa mlangoni aliitazama kwa huruma. Siku hizi msimbo wa tiketi huishi kwenye simu na hubadilika kila baada ya sekunde chache, ili mtu asiuze tiketi moja kwa watu kumi. Picha yake haifunguki popote. Na simu ya mzee ni kitochi cha vitufe.

Tulimpigia mjukuu. Hakupokea. Yuko zamu ya jioni kwenye ghala, na huko simu hufungiwa kabatini hadi mapumziko. Mzee alijua saa ya mapumziko kwa kukisia tu. Tukasubiri. Yule dada alimletea kiti, akarudi mara mbili kuuliza kama tumefanikiwa, na kila mara mzee alimwonesha karatasi upya, akiikunjua taratibu, kana kwamba safari hii itasoma. Watu walipita na watoto wao waliovaa bluu. Kutoka ndani tulisikia ngoma na kelele za wachezaji kupasha misuli, jambo nililokuwa nimepanga kulitazama kuliko yote, maana ndipo mtu humwona Wembanyama akitupa mitupo yake bila haraka. Tiketi yangu ilikuwa inang'aa kwenye simu yangu. Mzee aliniambia niende mara tatu, mara ya tatu kwa ukali wa baba.

"Ingia, mwanangu. Mimi nilingoja kwenye kambi miaka mingi, nitashindwa hapa?"

Nilikaa. Na hapa nitasema wazi lililonikera, maana hasira yangu haijaisha. Mzee amelipiwa kiti. Pesa imepokelewa, na ada juu yake. Kwa nini mtu asiye na simu ya kisasa afungiwe nje ya kiti chake mwenyewe? Wauzaji wa mtandaoni husema ni usalama. Sawa, lakini basi pawepo dirisha moja lenye mtu, mwenye mzigo wa kuangalia jina na kitambulisho. Kwa ada zile, dirisha moja linalipika.

Mjukuu alipiga mwenyewe hatimaye, akihema, akitafuna. Dakika mbili baadaye tiketi ya mzee ilikuwa kwenye simu yangu pamoja na yangu. Dada wa mlangoni alipiga makofi.

Tuliingia watu wote wakiwa wamesimama. Ni desturi ya mashabiki wa Thunder: hawakai mpaka timu yao ifunge kikapu cha kwanza. Mzee alidhani wamesimama kwa ajili ya Wembanyama na akasimama kwa moyo wote. Kiti kilichokuwa wazi pembeni yangu, huko juu kabisa, akakikalia yeye.

Sasa, kuhusu Wembanyama. Kwenye televisheni urefu wake ni namba. Ukumbini, mtu aliyesimama kando yake ana mita mbili kamili, mrefu kuliko yeyote uliyemwona mtaani kwako, na anamfika kidevuni tu. Mikono yake ikinyooshwa ni karibu mita 2.4 kutoka ncha hadi ncha. Kuna ribaundi moja, yaani mpira uliokosa kikapu, aliyoichukua kama mtu anayechuma embe la tawi la chini. Lakini kilichonishangaza zaidi ni miguu. Warefu wa namna hiyo tumezoea kuwaona wakigeuka kwa shida, nusu sekunde nyuma ya mchezo. Huyu alikuwa akigeuka na mpira.

Holmgren hakumwogopa hata kidogo. Alicheza kama mtu aliyekaa mwaka mzima akihesabu siku, na umati ulimpokea hivyo. Mama mmoja wa safu ya mbele yetu, mwenye fulana ya bluu iliyopauka, alikuwa akifuta macho kila Chet alipogusa mpira. Aliniambia amekuwa mshabiki tangu timu ilipohamia hapo kutoka Seattle mwaka 2008. Ameona Durant akiondoka mwaka 2016, ameona msimu wa ushindi 24 na vipigo 58, na hakuacha kuja. Nilimuuliza kama anamkumbuka Thabeet.

"Namba 34," akasema papo hapo. "Alikuwa mpole. Watoto wangu walimpenda."

Nilimtafsiria mzee. Mzee akanipiga goti kwa kiganja, akacheka.

Chet alimaliza na pointi 21 na ribaundi 9 katika dakika 16 tu. Wembanyama akapata 20 na ribaundi 5 katika dakika 19. Baada ya hapo makocha, Gregg Popovich na Mark Daigneault, waliwapumzisha, na watu wengi wakaanza kutafuta koti na funguo za gari. Mimi naona walikosea. Timu huruhusiwa kuwa na wachezaji 21 kambini, lakini msimu ukianza hubaki 15 wa mkataba kamili na watatu wa mkataba wa kugawana na ligi ya chini. Wale wanaoingia mwishoni ndio wanaocheza kwa ajili ya kazi. Niliona kijana akijirusha sakafuni kuuwahi mpira uliokuwa umeshatoka. Thabeet alipita njia hiyo pia, na niliwatazama kwa macho hayo, nikipiga makofi hata kwa wale nisiowajua majina. Matokeo yakawa 122 kwa 121, Thunder wakashinda kwa pointi moja, na waliobaki ukumbini walilipuka kama ni fainali.

Mzee hakujali nani ameshinda. Alikuwa amemwona kijana wake.

Fikiria Thunder walivyofanya: kijana ameumia kabla hajacheza mechi moja, wakampa mwaka mzima, wakamngoja, na umati ukamngoja pamoja nao. Thabeet hakupewa hata mwaka mmoja wa kukosea. Kwenye treni ya asubuhi nilimwambia mzee hivyo, naye akaniuliza kama nimewahi kumwandikia Thabeet hata neno moja la kumtia moyo wakati ule. Hatukuzungumza tena mpaka Ardmore.

Alipoanza kusema tena, alikuwa na jambo la kibiashara. Spurs wangeanza ligi yenyewe Oktoba 25 mwaka huohuo, San Antonio, na wapinzani wangekuwa Mavericks wetu walewale. Kutoka Fort Worth ni zaidi ya kilomita 400 kwenda kusini. Mzee alitaka kwenda, na jezi alikuwa nayo. Nilimwambia nitaangalia bei, na kwamba safari hii tiketi zote mbili zitakuwa kwenye simu yangu.