Pua iliniwasha, besi ikanguruma

Ushauri mbovu kuliko wote niliowahi kupewa kuhusu kupiga muziki wa kielektroniki kwa ishara za mikono ni huu: "Kila kidole kipe sauti yake." Nikaufuata! Glavu mbili, vihisi kila kidole, nyaya hadi mabegani. Kwa wiki kadhaa nilionekana kama mtu anayefukuza nyuki, na muziki wenyewe ulikuwa wa nyuki hasa.

Nikahamia kihisi cha infraredi, ule mwanga usioonekana kwa macho, kinachopima umbali wa mkono. Chumbani kilinitii vizuri mno. Jukwaani zikawashwa taa zile za kizamani zenye joto, zinazomwaga infraredi kwa wingi, kihisi kikachanganyikiwa. Sauti inapanda, inashuka, inapiga mayowe, na mimi mikono iko mfukoni. Watu wakashangilia wakidhani ndio ubunifu. Nami nikainamisha kichwa kwa madaha kama fundi.

Glavu ikarudi, moja tu safari hii, na kihisi kimoja cha mwendo mgongoni mwa kiganja. Hapo ndipo pua iliponiumbua: nikijikuna, besi inanguruma.

Dawa niliiiba kwenye theremini, ala aliyoibuni Mrusi Lev Termen karne moja iliyopita. Hiyo haiguswi kabisa: mkono mmoja hupandisha na kushusha noti, wa pili huongeza sauti au kuizima. Kumbe hata yeye aliacha mlango wa kunyamaza! Mimi kazi hiyo nimeupa mguu. Nikikanyaga pedali, kompyuta inafuata mkono. Nikiachia, sauti inaganda pale pale, nakunywa maji yangu. Na utamu uko hapa: nikikanyaga tena, programu haianzi upya, inaendelea ilipoachia, kama unavyoinua kipanya ukakirudisha katikati ya meza. Mkono mfupi, safari ndefu. Hili sikufundishwa na mtu.

Halafu kuna ngazi za MIDI, lugha ambayo ala za kielektroniki na kompyuta huwasiliana nayo: 0 hadi 127. Ukivuta kichujio, kile kinachopunguza sehemu ya sauti, polepole, ngazi zinasikika moja moja, tak, tak, tak. Zilainishe, ila kidogo. Ukizidisha, sauti inakuja mkono umeshaondoka.

Juzi katikati ya onyesho mpiga ngoma alibadili mwendo bila taarifa. Nikamfuata kwa kiganja kimoja. Ile glavu ya pili naitumia kutolea sufuria jikoni.